Shangazi Anastaafu Maua Yakiwa Wazi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wa kitengo cha nyuki katika kituo chetu cha utafiti wa matunda atakabidhi funguo za banda la mizinga na kustaafu rasmi. Tarehe hiyo ilipangwa na sheria ya utumishi, ambayo haikuuliza stroberi zinachanua lini. Kwa hiyo anaondoka wakati matuta ya shamba la chini yamejaa maua, matunda ya kwanza yako kwenye trei za majaribio, na hakuna ajuaye bado kama kitengo alichokijenga kitabaki baada yake. Kwa mtu wa tabia yake hilo ni zito kulibeba. Amelipokea kwa kutembea zaidi.

Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu. Humu kituoni halitumiki. Siku alipoanza kazi, mtoto wa kaka yake, ambaye tayari alikuwa kwenye kikosi cha wapulizaji dawa na ambaye ni mdogo kwake kwa miaka michache tu, alimwona getini akapaza sauti uwanja mzima: "Shangazi! Umefuata nini huku?" Kufikia mchana mlinzi naye alikuwa akimwita Shangazi. Mkurugenzi mmoja aliyemzidi umri alijaribu kumwita kwa cheo chake, akashindwa. Baada ya wiki moja alikuwa akimwomba Shangazi ruhusa ya kupita karibu na mizinga. Huyo mtoto wa kaka ndiye leo mkuu wa wapulizaji, tunayemwita Bwana Pampu, na habari hii haiwezi kusimuliwa bila yeye.

Kazi ya kwanza ya Shangazi ilikuwa kwenye meza ya kuchambulia, katika banda la kufungashia matunda: chumba kirefu chenye taa nyeupe, sakafu iliyolowa muda wote, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Stroberi zilipita mbele yake, naye akatoa mbovu. Wengi waliokaa kwenye meza ile walizoea. Yeye hakuzoea. Tunda lilikuja jekundu, linang'aa. Ukiligeuza, unakuta upande wa pili limeota manyoya ya kijivu, na kesho yake majirani zake wote kwenye kreti wameota vilevile. Alimuuliza msimamizi ugonjwa huo huingilia wapi. Msimamizi akamjibu kwamba kazi yake pale ni kutoa matunda, maswali yana watu wake. Haukupita muda akaomba uhamisho wa kwenda shambani, na msimamizi akausaini papo hapo, akiwaambia wenzake, "Mwacheni aende. Huyu hata akikaa, miguu inatembea chini ya meza."

Shambani ndiko alikokutana na Daktari, mtaalamu wetu wa magonjwa ya mimea, aliyekuwa ametoka masomoni na wazo ambalo wakubwa wake walilisikiliza kwa adabu na kulisahau kwenye ngazi. Daktari ndiye aliyemjibu lile swali. Ukungu wa kijivu huingia kupitia ua. Chembe zake hutua kwenye ua lililofunguka, hujipenyeza, kisha hulala ndani ya tunda changa bila dalili yoyote mpaka liive. Ukiuona kwa macho, umeshachelewa. Dawa ya kupuliza husaidia, lakini maua ya stroberi hayafunguki kwa pamoja. Hili leo, lile keshokutwa, na trekta haliwezi kupita kila siku. Nyuki hupita kila siku. Wazo la Daktari lilikuwa kuwapa nyuki mzigo wa kubeba: unga laini uliochanganywa na chembe za kuvu nyingine, isiyomdhuru nyuki, mtu wala mmea. Kuvu hiyo ikiwahi kutua kwenye ua hushika nafasi yote na chakula chote, na ukungu wa kijivu ukija kubisha hodi unakuta nyumba imeshapangishwa.

Shangazi alisikiliza maelezo hayo amesimama, akauliza jambo moja tu: "Na nyuki tutawaambiaje?"

Kuwaambia nyuki kulichukua misimu kadhaa. Seremala wa kituo alitengeneza kisanduku chembamba cha kupachikwa mdomoni mwa mzinga, chenye njia mbili: ya juu ya kuingilia na ya chini ya kutokea. Kwenye njia ya chini hukaa trei ya unga. Nyuki anayetoka hufuata mwanga, na mwanga humpitisha juu ya unga. Miguu na manyoya ya tumbo yanabeba, naye anaruka kwenda zake mauani akiwa mweupe kama mpishi wa mikate. Maelezo ni rahisi. Kisanduku cha kwanza kilipakwa vanishi, na nyuki hawakupenda harufu. Walikaa ndani siku nzima wakinung'unika. Cha pili Shangazi mwenyewe alikipachika kwa haraka yake ile tunayoijua, akabadilisha vilango: pa kutokea pakawa pa kuingilia. Nyuki wakatoka wasafi, wakarudi kupitia kwenye unga, wakauingiza wote ndani. Kutwa nzima waliukokota nje, wakifagia mzinga kama nyumba inayosubiri wakwe, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye ua. Daktari alipouliza kosa ni la nani, Shangazi alisema, "La kwangu. Lakini waangalie walivyo wasafi. Leo tumetibu mzinga, kesho tutatibu shamba."

Kesho yake nayo ilikuwa na mambo yake. Kila kitu kilipachikwa sawasawa, nyuki wakatoka weupe, wote tukapiga makofi. Baada ya siku chache Daktari alichuma maua ya stroberi, akayaweka chini ya darubini, akakuta karibu hayana kitu. Shangazi hakukubali. Aliwafuata nyuki kwa macho, kisha kwa miguu, akavuka mfereji, akapita nyuma ya stoo, akafika kwenye uzio. Upande wa pili, jirani yetu, fundi bomba mwenye shamba dogo la alizeti, alikuwa anamwagilia. Nyuki wetu, na unga wetu miguuni, walikuwa wamejaa kwenye alizeti zake. Msimu ule hapakuwa na alizeti zilizolindwa kisayansi kama zile.

Shangazi alimwomba azikate vichwa. Jirani aliendelea kumwagilia. "Dada," akasema, "nyuki ni wako, alizeti ni zangu. Kila mtu amfunge wa kwake." Siku hiyo walicheka na kuachana bila mapatano. Mapatano yalikuja baadaye, kwa mazungumzo mengi ya uzioni na chupa za asali: jirani angechelewesha kupanda, nasi mizinga tungeileta shambani baada tu ya maua kuanza kufunguka, ili nyuki siku ya kwanza wakutane na stroberi mlangoni kabla hawajajua mtaa. Hilo la pili alilisoma Daktari. La kwanza alilibembeleza Shangazi. Tangu hapo wawili hao hawajaacha kubishana ni lipi lililosaidia zaidi.

Walio wageni kituoni wangependa kujua huyu ni mtu wa namna gani. Ni mtu asiyekaa. Vikao vya asubuhi vilimpata mara chache, na vilipompata alisimama dirishani akitazama juu. Wingu likifunika jua katikati ya taarifa ya mhasibu, Shangazi hayupo. Unga kwenye trei ukipata umande hugandamana, na nyuki hupita juu yake kama anayepita kwenye saruji iliyokauka, asibebe chochote. Kwa hiyo kila asubuhi aliupitia kwa vidole, mzinga kwa mzinga, akauchekecha upya, akamwaga ulioganda, akatandaza mwingine usiozidi unene wa ukucha. Akimaliza wa mwisho anaanza kuwa na wasiwasi na wa kwanza. Mume wake, fundi cherehani ambaye ndiye aliyetushonea neti zote za uso tunazovaa hadi leo, alitwambia kwenye sherehe moja ya wafanyakazi: "Mimi nilioa upepo. Ilibidi niushonee nguo ndiyo nijue uko wapi." Shangazi alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaondoka kabla ya chakula kwenda kuangalia kama mizinga imefunikwa.

Kuna tuliofika katika kituo hiki tukiwa tumeacha miji yetu mbali, na vitabu vyetu, na watu waliojua majina ya babu zetu. Kila tulikopita tuliulizwa tutarudi lini. Shangazi hakuuliza. Alitupa neti, akatuonyesha mzinga, akasema, "Simama hapo, usiwazibie njia." Wengine tumesimama hapo miaka mingi, na njia haijazibwa.

Mafanikio yake yanajulikana na yameandikwa na wengine kwa takwimu. Shamba la juu halijapulizwa dawa ya ukungu kwa misimu kadhaa mfululizo. Wakulima wamekuja kujifunza, wakaondoka na visanduku mikononi na uvimbe mashavuni. Haikuwa kila msimu. Kuna mwaka kundi moja la nyuki lilihama lote na kwenda kukaa kwenye dari ya ofisi ya uhasibu, na kuna mwaka ukungu ulishinda na pampu ikaitwa. Mwaka huo Bwana Pampu alipita na trekta taratibu mbele ya banda la mizinga, akazima injini makusudi.

"Shangazi, wafanyakazi wako wameamka? Wa kwangu ameshakunywa dizeli."

"Wa kwangu hawaombi spea," akajibiwa, na mlango wa banda ukafungwa.

Ndivyo walivyoishi hawa wawili, shangazi na mtoto wa kaka, kwa muda mrefu kiasi kwamba ubishi wao ulikuwa sehemu ya ratiba. Kila shamba lililochukuliwa na nyuki lilikuwa limetoka kwa Bwana Pampu. Hakuwahi kulalamika ofisini. Alilalamika getini, kwa sauti, mbele ya watu, kama inavyofaa kwa ndugu.

Mwaka huu mzaha ulipungua. Meneja wa mashamba alitangaza kwamba kabla ya kuajiri fundi mpya wa nyuki, anataka ushahidi kutoka shamba la chini. Wanaolijua shamba hilo wanaelewa: liko bondeni, ukungu wa asubuhi hukaa hapo mpaka jua liwe kali, na tope lake hushika viatu. Msimu mzima lisipulizwe. Nyuki peke yao. Matunda yakitoka mazima, kitengo kitaendelea. Yakioza, mizinga itagawiwa kwa wanaoitaka na mashamba yote yatarudi kwa pampu. Tusimwonee meneja. Ana wachumaji wanaotegemea msimu mmoja kuvuka mwaka, na ana wanunuzi ambao ukiwatajia neno kuvu hawasubiri kusikia sentensi inaishaje. Shangazi alikubali masharti hayo. Kisha akahesabu, akaona kwamba jibu litakuja yeye akiwa ameshaondoka, na tangu siku hiyo hajatulia hata dakika.

Mvua ilikuja maua yakiwa mengi kuliko wakati wowote. Mvua ya juma zima, nyepesi, isiyokatika. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo kwa kazi hii, kwa sababu ukungu wa kijivu hupenda majimaji na nyuki huyachukia. Adui anatembea, mlinzi amejifungia. Shangazi alikuwa akitoka bandani kwenda kwenye mizinga, akiweka sikio kwenye ubao, akisikia wanavuma, akirudi bandani, akitoka tena. Chini ya baraza la stoo alikuwa anasimama akinyoosha kiganja nje, anakirudisha, anakitazama, anakifuta kwenye ovaroli, anakinyoosha tena. Ukimsemesha alikuwa anakujibu jambo jingine.

Siku ya sita meneja alimfuata barazani na mwavuli.

"Shangazi, nimesubiri vya kutosha. Nyuki wako wamelala, ukungu haujalala."

"Nipe jua la nusu siku."

"Jua silitoi mimi."

Akatoa amri: kesho asubuhi, shamba la chini lipulizwe. Kila mmoja wetu alielewa maana yake. Dawa ile haichagui kuvu rafiki na kuvu adui. Ikipita mara moja, jaribio la msimu mzima limekwisha, na kwa masharti yaliyowekwa, kitengo nacho kimekwisha.

Alasiri hiyo Shangazi alikwenda stoo ya madawa, mahali ambapo kwa kawaida hakanyagi kwa sababu ya nguo zake kushika harufu. Alimkuta Bwana Pampu akisafisha nozeli, midomo ya pampu. Mtunza stoo, aliyekuwa anapanga madumu, ndiye aliyetusimulia yaliyosemwa, na hayakuwa mengi.

"Umeshapewa amri?"

"Nimepewa, Shangazi. Na mimi nina bosi."

"Sikukatazi. Wewe fanya kazi yako vile inavyotakiwa kufanywa."

"Lini sijafanya?"

Shangazi alimtazama. "Mwanangu," akasema, "nakujua tangu unakojoa kitandani." Akatoka.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na bonde limejaa ukungu mweupe, ule wa hewani. Tangi lilikuwa limejazwa. Meneja alikuwa mwisho wa matuta, viatu vya mpira miguuni, saa mkononi. Bwana Pampu alifikisha trekta mwanzo wa shamba, akashuka, akainama, akapitisha kidole kwenye jani, akakinyanyua juu kikidondoka maji.

"Bosi, majani yamelowa. Dawa itateleza yote iishie mfereji."

Kwenye mlango wa stoo ya madawa kuna kanuni mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, kila moja na mstari wake. Ya kwanza: usipulize majani yakiwa yamelowa. Ya pili: usipulize nyuki wakiwa mauani. Meneja ndiye aliyeamuru ziandikwe, miaka ya nyuma, baada ya malalamiko ya jirani. Basi akasubiri. Bwana Pampu alikunywa chai. Aliangalia jani jingine, akatikisa kichwa. Alizunguka trekta, akapiga teke tairi ambalo halikuwa na tatizo. Jua likaanza kuchomoza katikati ya ukungu, dhaifu kwanza, kisha likashika. Kufikia wakati majani yalipokauka, nyuki waliokuwa wamefungiwa juma zima walikuwa wametoka kwa fujo, kama shule iliyogongewa kengele ya kurudi nyumbani, wakijaa kwenye matuta, weupe miguuni.

"Sasa yamekauka," meneja akasema. "Washa."

"Siwezi, bosi. Nyuki wako kazini."

"Unasemaje?"

"Kanuni ya pili. Uliiandikisha mwenyewe pale mlangoni."

Meneja alimtazama yeye, akautazama mlango, ambao kwa mbali ule hausomeki. "Hebu niambie. Wewe uko upande gani?"

"Upande wa mlango, bosi."

Sisi tunaomjua Bwana Pampu tunajua kwamba amewahi kupuliza majani yenye maji kuliko yale, na hakuna kidole kilichonyanyuliwa. Hakuna aliyemkumbusha. Shangazi hakuwapo kushukuru wala kucheka. Alikuwa anakimbia mzinga hadi mzinga akibadilisha unga, kwa sababu kila nyuki aliyetoka bila mzigo asubuhi ile alikuwa ni safari iliyopotea. Jioni, nyuki wakisharudi, ingewezekana kupuliza, na meneja aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini alasiri aliingia matutani mwenyewe, akainama, akaanza kugeuza maua kwa ncha ya kalamu, moja baada ya jingine, tuta hadi tuta. Aliponyanyuka alikuwa na vumbi jeupe kwenye kalamu na tope mpaka magotini. Alisema trekta lirudi stoo, na kwamba sasa tuyaachie matunda yenyewe yaseme.

Matunda bado hayajasema. Yale ya kwanza yamechumwa wiki hii na kupangwa kwenye trei zilizofunikwa katika chumba cha Daktari, kwenye joto na unyevu vya makusudi, ili kama kuna ukungu uliolala ndani yake uamke. Jibu litapatikana wiki moja baada ya hafla ya kumuaga Shangazi. Amepita mbele ya mlango huo mara nyingi kiasi kwamba Daktari ameziba kioo kwa karatasi, akidai ni kwa ajili ya mwanga.

Hata hivyo mizinga haiwezi kusubiri jibu. Meneja aliitisha kikao akauliza nani atawashika nyuki japo mpaka msimu uishe. Watu walitazama viatu vyao. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mimi." Alikuwa Bwana Pampu. Watu waliangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Wewe? Na marashi yako hayo? Watakutoa mbio mpaka barabarani."

Kesho yake alikuja bila marashi, na wenzake wakasema ndiyo kwanza wamejua ananukaje. Nyuki walimpokea kama walivyoona inafaa. Kwa siku mbili alifanya kazi na jicho moja. Wiki hizi za kukabidhiana zimekuwa ngumu kwa wote wawili. Shangazi anamfuata nyuma kama kivuli, na mdomo haupumziki. "Taratibu, unawagongea mlango kama polisi." "Unga wote huo, unataka kuwazika?" "Simama pembeni. Pembeni! Ungepaki hivyo trekta lako?" Naye anajibu, "Ndiyo, Shangazi," kwa sauti ya mtu mzima aliyerudishwa darasa la kwanza, na anarudia upya. Kuna siku tulidhani mmoja wao ataacha, na hatukuwa na hakika ni yupi.

Leo asubuhi, wakati makala hii inamaliziwa, meneja alipita karibu na mizinga. Bwana Pampu alikuwa anatandaza unga. Shangazi alikuwa hatua chache nyuma yake, amefumbata mikono, na uso wa mtu anayezuia chafya.

"Na trei za Daktari zikija na habari mbaya?" meneja akauliza. "Utafanya nini?"

"Nitaanza na unga wangu," Bwana Pampu akasema bila kugeuka. "Labda niliuchekecha vibaya. Nitaanza hapo, halafu kisanduku, halafu mahali tulipoweka mizinga. Nyuki nitawauliza mwisho."

"Hiyo ni kazi ya mwakani."

"Mbao za visanduku vya mwakani nimeshamwambia seremala."

"Nani kakwambia kuna mwakani?"

"Bado hajaja wa kuniambia hakuna."

Meneja alitikisa kichwa na kuendelea na njia yake, na waliokuwa karibu wanasema alikuwa anazuia tabasamu. Trei ikasukumwa mahali pake. Unga ulikuwa mnene kidogo upande mmoja. Shangazi alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, Bwana Pampu alikwisha kuivuta tena, akausawazisha kwa ukingo wa kiganja, akairudisha. Nyuki wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakatembea juu yake, wakaruka kuelekea bondeni. Shangazi aliwatazama mpaka macho yasiwafikie. Kisha akavua neti, akaikunja, akaenda kula chakula chake, nyuki wakiwa bado shambani, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuliona.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa miaka yote uliyotukimbiza. Jibu la trei tutakuletea nyumbani siku hiyohiyo, liwe zuri au baya, na atakayelileta ni mtoto wa kaka yako, kwa hiari yake mwenyewe. Ukisikia hodi, usitoke mbio kumlaki njiani. Mwache afike, mpe kiti, naye akueleze. Tunakuombea afya, kicheko na siku ndefu za jua, wewe na fundi wako wa cherehani. Maisha yakuendee vyema.